Watachukua Shamba, Watachukua Nani

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Kila nikimsikia kijana akisema Kiingereza ni rahisi, ni kujua maneno tu, siku hiyo hunirudia yote, na baridi yake na upepo wake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayajatoka. Tulikaa Mau Narok, kule juu, kwenye shamba kubwa la ngano la mzungu mmoja mzee ambaye watu walimwita Bwana Mrefu. Baba yangu, Njoroge, aliendesha kombaini wakati wa mavuno, na trekta miezi mingine. Mama alichuma maua ya pareto. Nyumba yetu ilikuwa kwenye laini, yaani zile nyumba za mbao zilizopangwa mstari mmoja ambazo shamba liliwajengea wafanyakazi. Nilizaliwa humo, na wadogo zangu pia.

Wewe umekulia Nakuru, kwa hivyo maisha ya laini labda huyajui. Nyumba si yako, lakini viazi ulivyopanda nyuma yake ni vyako. Kazi ndiyo iliyokupa nyumba. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Kila mtu mzima alilijua jambo hilo, na hakuna aliyependa kulitaja.

Mwaka huo Bwana Mrefu aliuza shamba. Hakutuambia mwenyewe. Alikuwa amedhoofika, akapelekwa kwao ng'ambo kutibiwa, nasi tukaletewa meneja mgeni wa kusimamia mavuno na kuwakabidhi shamba wale walionunua. Meneja huyo hakujua Kiswahili hata cha kuomba maji. Alitembea haraka, aliongea haraka, na hakukaa sana kabla watu hawajambandika jina la Bwana Mbio. Yote aliyotaka kusema yalipitia kwa karani wa shamba. Sasa alipotaka kuwaita watu wote mkutanoni, karani alikuwa Nakuru, mke wake amelazwa hospitalini. Bwana Mbio akauliza ni nani mwingine anayejua Kiingereza. Wakanitaja mimi.

Nilifurahi sana. Shuleni nilikuwa mtu wa Kiingereza. Mwalimu wetu alitukaririsha vile vitenzi vinavyofuatwa na vineno vidogo, tukawa tunaviimba darasani: look after ni kutunza, look for ni kutafuta, look into ni kuchunguza, look down on ni kudharau. Kwenye mtihani unaachiwa nafasi, unaijaza kwa kineno kinachofaa, unapata alama yako. Mimi nilizipata zote.

Meneja aliniita ofisini, akaniuliza mambo mawili matatu, akaonekana kuridhika. Akasema nikiifanya kazi ya mkutano vizuri, atazungumza na wenye shamba wapya ili wanichukue ofisini. Neno alilotumia ni take on. Nililielewa vizuri hilo: kuandikwa kazi. Nilipomweleza Mama alianza papo hapo kuwaza ni sketi ipi nitakayovaa huko ofisini, na ni nani angeweza kuniazima viatu.

Watu walikusanyika asubuhi mbele ya banda la matrekta. Kwetu upepo wa asubuhi hupita kwenye sweta kama hujavaa kitu. Wanawake walisimama nyuma na watoto mgongoni, wanaume mbele, na Baba alikuwa kando, karibu na gurudumu la kombaini yake, mikono imejaa grisi kwa sababu alikuwa ametoka kuifanyia kazi. Mzee Kiprono alikaa juu ya gunia. Yeye alikuwa ndiye nyapara wetu wa zamani, na ingawa siku hizo alilinda tu ghala la mbegu, watu wakigombana walimpelekea yeye maneno yao.

Bwana Mbio alianza kwa kushukuru. Hapo sikuwa na shida. Kisha akasema jambo lililomleta. Wenye shamba wapya, alisema, will take over the farm, houses and all, at the end of the harvest. Na tena, they will take on whoever they need. Akataka watu wainue mikono kuonyesha kwamba wamekubali, ili ayamalize mambo ya makabidhiano.

Nikageukia watu, nikasema kwa sauti nzuri, "Mavuno yakiisha, wenye shamba wapya watachukua shamba na nyumba zote. Na watachukua watu wanaowahitaji."

Mwanangu, niliona mabega ya watu yakishuka. Mama mmoja kule nyuma alimshukuru Mungu. Walisikia kwamba shamba linachukuliwa pamoja na kila kilichomo: nyumba, mashine, na watu. Mama yangu alinitazama akatabasamu, na ni lile tabasamu lililonikwamisha. Kwa sababu over na on, vile vineno viwili, vilikuwa vimepotea njiani. Take over ni kushika kitu kiwe chini yako. Take on ni kumwandika mtu kazi, na anayeandika ndiye anayechagua. Kwa Kiswahili changu vyote viwili vilikuwa vimegeuka kuwa kuchukua.

Mzee Kiprono aliinuka pale kwenye gunia, akavua kofia.

"Msichana wa Njoroge," akasema, "hapo umesema kuchukua mara mbili. Hiyo kuchukua ya kwanza na hiyo ya pili ni moja?"

Nikamwambia meneja kwamba watu wanataka kujua ni nani hasa watakaoandikwa kazi, na nyumba zitakuwa za nani. Akatazama saa yake. Akasema niwaambie tu they will be looked after.

Nilifungua mdomo kusema mtatunzwa. Kwa hesabu ya mwalimu wangu ningekuwa sahihi kabisa. Lakini ile sentensi ilikuwa imekuja bila mwenyewe. Mtatunzwa na nani? Nikamuuliza hivyo. Akasema tena kwa haraka kwamba hilo la nyumba, we'll look into it, na kwamba everything will be sorted out. Basi dakika moja tulikuwa tunatunzwa, na dakika iliyofuata tunachunguzwa, na baadaye mambo yote yatapangwa, bila kutajwa mtu hata mmoja wa kuyapanga. Kisha akaniambia, get on with it. Hapo sikuhitaji kamusi. Nilikuwa nikiambiwa niendelee na kazi yangu na niache maswali.

Kwa hivyo niliendelea. Niliwaambia watu kwamba bwana anasema mambo yatapangwa, kwamba suala la nyumba litaangaliwa. Nilijisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyoteleza.

Mzee Kiprono hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mama, wacha kutupea maneno yake. Mimi nauliza, ngano ikiisha, hawa watoto watalala wapi? Kama hujui, sema hujui. Lakini usinifanye niinue mkono kwa kitu sijui."

Aliniita mama, kwa heshima, mbele ya watu wote, na bado lilikuwa karipio zito kuliko viboko vyote nilivyowahi kuchapwa. Nilikuwa nimedhani kazi yangu ni kuyahamisha maneno kutoka upande huu kwenda upande ule bila kuchelewa. Mzee alikuwa ananiambia kwamba watu wale hawakuja kusikia maneno. Walikuja kujua yatakayowapata.

Nikamtazama Baba. Alitikisa kichwa polepole, mara moja, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko. Nilielewa. Shamba la ngano haliwezi kukaa bila madereva, na Baba alikuwa dereva hodari. Kama kuna watu ambao wangeandikwa tena, yeye alikuwa mmoja wao. Na mimi nilikuwa nimeahidiwa ofisi. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na mengi zaidi ya kupoteza kwa mimi kuuliza swali lingine.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Lakini niliona mikono ya watu. Wengine walikuwa wameshaanza kuiinua nusu, wakingoja kuona wenzao watafanyaje. Nikajua kwamba nikikaa kimya ile mikono itafika juu, na itakapofika juu, sauti iliyoiinua itakuwa yangu, si ya meneja.

Nikamgeukia Bwana Mbio. Nikamwambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba wanauliza jambo moja: baada ya mavuno, watalala katika nyumba hizi au hawatalala? Na nikamwambia kwamba sitasema neno lingine hadi nipate jibu ninaloweza kulisema kwa Kiswahili bila kubahatisha.

Uso wake ulikuwa mwekundu. Alisema atamtafuta mtu mwingine. Nikamjibu kwa adabu kwamba mtu mwingine hayupo mpaka karani arudi, na tutangoja. Akawatazama watu, nao wakamtazama. Upepo ulikuwa unapiga mabati ya banda. Nafikiri, na nimemfikiria mtu huyo kwa miaka mingi, kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa kusema jambo chungu, na lugha yake ilikuwa imempa njia laini za kulipita pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye njia hizo.

Mwisho akasema. "They will have to move out. A few of the drivers will be kept on. The rest will be laid off."

Move out. Kept on. Laid off. Nilivichukua kimoja kimoja, sikukimbia.

"Mavuno yakiisha, mtahama nyumba hizi," nikasema. "Madereva wachache watabaki kazini. Wengine wote wataachishwa kazi."

Hakuna aliyelia. Mtoto mmoja alikohoa, mama yake akamfunika. Ile mikono iliyokuwa imeinuka nusu ilirudi chini. Mzee Kiprono akavaa kofia yake, akasema, "Asante. Sasa tumesikia." Mkono hata mmoja haukuinuliwa.

Bwana Mbio aliingia ofisini akafunga mlango. Watu hawakutawanyika. Walikaa pale pale kwenye nyasi, wakazungumza mpaka jua likawa kali. Waliamua kwamba mavuno yataendelea, ili mtu yeyote asije akasema wamegoma, lakini hawatakubali lolote mpaka wenye shamba wapya waje wenyewe. Wakamchagua Mzee Kiprono na wengine wachache waende kwa chifu, na kutoka kwa chifu kwa D.O., yule afisa wa tarafa. Waliniomba niende nao. Karani aliporudi kutoka Nakuru hawakumwondolea heshima, lakini walisema wanataka nikae karibu naye, na yeye hakukataa.

Wenye shamba walikuja. Mazungumzo yalichukua muda, yalikatika, yakaanza tena. Mimi nilisimama katikati, na kila nilipolisikia moja ya yale maneno yenye mkia nililisimamisha. Put off, je, ni kuahirisha hadi lini? Mmesema mta-set aside, yaani mtatenga, sehemu ya kuchungia, ni sehemu ipi, twendeni tuione. Nilichosha watu, najua. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kama nilisomea sheria. Nikamwambia mimi nangoja matokeo ya kidato cha nne.

Sisemi tulishinda. Watu walihama. Hilo halikubadilika, na asikudanganye mtu kwamba kuelewa jambo ni sawa na kulizuia. Lakini walihama baada ya kuchimba viazi vyao na baada ya shule kufungwa. Walipewa malori, na malipo ya miaka yao yote ya kazi, kwa sababu walijua mapema, wakadai mapema. Kama wangeinua mikono asubuhi ile, wangekuta vyombo vyao nje ya mlango wakiwa bado wanangoja kutunzwa.

Ofisini sikuandikwa. Na majina ya madereva watakaobaki yaliposomwa, la Baba halikuwamo. Hakuna aliyesema ni kwa sababu yangu. Hakuna aliyehitaji kusema.

Tulishuka Nakuru, tukapanga chumba kimoja huko Kaptembwa. Baba alipata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha unga. Mtu aliyekuwa akiiongoza kombaini kwenye mteremko, akaikata ngano kwa mstari ulionyooka mpaka watu wakasimama kutazama, sasa anabeba magunia ya ngano ya wengine. Alikuwa haongei sana nami miezi hiyo. Hakuwa amenuna. Nilipika, nilifua, na nilingoja aniambie jambo lolote, hata la kunikaripia.

Mwishowe niliuliza mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, Baba anarekebisha mguu wa meza. Nilimuuliza kama siku ile angependa ningemsikia alipotikisa kichwa. Aliendelea kugonga msumari mpaka ukaingia wote. Halafu akasema, "Ningebaki kule, kila jioni ningetoka kazini nikipita kwa nyumba za wenzangu zikiwa tupu." Akaujaribu mguu wa meza kwa mkono. "Lete chai."

Nilimletea chai, mwanangu, na nilimletea nikiwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo niliamua kwamba lugha hii nitaijua mpaka chini. Sikuwa nataka kuvutia watu. Nilitaka mtu asiweze kunipitishia jambo mbele ya macho yangu likiwa limefunikwa. Niliviacha vile vitenzi vya kuimba nikaanza kuvisikiliza barabarani, benki, redioni, kwa madaktari. Niligundua jambo ambalo labda wewe utalipata haraka kuliko mimi. Sisi tukitaka kubadilisha kazi ya kitenzi tunakigeuza chenyewe: chukua, chukulia, chukuliwa, chukuana. Mwingereza anakiacha kitenzi kama kilivyo, anakiwekea kineno nyuma yake. Kineno hicho ukikitazama peke yake hakina uzito, ni juu, chini, ndani, nje, mtoto wa nasari anakijua. Lakini kikishikana na kitenzi, huzaliwa neno jipya ambalo huwezi kulijua kwa kuwajua wazazi wake.

Kazi niliyoifanya maisha yangu yote, unaijua: mkalimani mahakamani hapa Nakuru, mpaka nikastaafu. Huko niliona jinsi mtu anavyoweza kwenda jela au kurudi nyumbani kwa sababu ya kineno. Break into ni kuvunja na kuingia, break out ni kutoroka, na shahidi aki-break down maana yake ameanza kulia, hajaharibika kama gari. Na usidhani ni Kiingereza peke yake kinachotega. Niliwahi kumsikiliza mama mmoja akisema kuhusu kijana aliyeshtakiwa, "alinikimbilia." Hakimu alikuwa anangoja niseme kwa Kiingereza. Ran at me, alinijia kwa nguvu anidhuru? Ran to me, alikuja kwangu kuomba msaada? Kiingereza kilitaka nichague, na kiti cha kuchagua hakikuwa changu. Nikaomba ruhusa nimuulize mama mwenyewe. Akashangaa kwamba hatujui. Alisema kijana alikuwa anafukuzwa na watu, akaja kujificha nyuma yake.

Sasa wewe umenieleza kwamba umepata kazi kule Olkaria, ya kusimama katikati ya mainjinia wa umeme wa mvuke wa ardhini na wafugaji ambao mabomba yatapita karibu na malisho yao. Nimefurahi sana, na nguo nzuri utavaa. Ila nisikilize.

Kitenzi cha Kiingereza kisikilize hadi mwisho wake kabla hujafungua mdomo, kwa sababu maana yenyewe mara nyingi huja nyuma. Mtu akikuambia mkutano umekuwa put off, watu warudi siku nyingine. Akikuambia umekuwa called off, wasirudi. Ukichanganya hayo mawili, kuna mzee atakayetembea na jua kwa ajili yako bure. Na sentensi yoyote itakayokujia ikiwa imepambwa vizuri lakini haina mtu ndani yake, itafutie mtu. Uliza nani atafanya, atamfanyia nani, lini. Nasi tunazo zetu za namna hiyo, tutaangalia, tutaona, itashughulikiwa. Hizo nazo usizipeleke kwa mainjinia zikiwa tupu.

Usipoelewa, sema hujaelewa. Mhandisi atakunja uso. Mwache akunje. Atakuambia uendelee, nawe umwambie kwa adabu kwamba utaendelea ukishajua unachokisema. Huenda ukapoteza kitu kwa kufanya hivyo. Mimi nilipoteza, na Baba alipoteza zaidi. Siwezi kukuahidi kwamba haitakuwa hivyo kwako. Ninachokuahidi ni kwamba utaweza kukutana barabarani na kila mtu uliyewahi kusimama mbele yake, ukamsalimia bila kuvuka upande wa pili.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe masikio yasiyochoka, na ulimi unaokataa kuharakishwa. Akuweke imara pale watakapotaka upite haraka. Na popote utakaposimama kutafsiri, watu warudi manyumbani kwao wakijua kwa hakika walichoambiwa.